Elimu ya Jani Moja

Kuna swali la kale ambalo wanafalsafa wa Kiislamu walibishana juu yake hadi likafikia hukumu ya kufuru: je, Mwenyezi Mungu anavijua vitu kimoja kimoja, au anazijua aina na kanuni zake, na kwa kuzijua hizo anakuwa amevijua vyote? Swali hili husikika kama la watu wa vitabu, waliokaa Baghdad au Hamadan na wino wao, lisilomhusu mvuvi wa Mbweni wala mtu aliyenunua kiwanja kando ya mikoko. Naamini linawahusu wote wawili. Naamini pia kwamba mahali pazuri pa kulipima leo ni maabara ya kemia, mbele ya jani la mchu, kwa sababu maabara imefanya kwa vitendo kile ambacho wanafalsafa walikifikiria tu: imejaribu kulijua jani kwa ukamilifu kwa njia ya mambo ya jumla. Palipofanikiwa na palipokwama pana la kutuambia kuhusu elimu yenyewe, ya mwanadamu na ya Muumba wake.

Mchu, ambao wataalamu huuita Avicennia marina, ni miongoni mwa miti ya mikoko inayoota kwenye matope ya pwani ya Mbweni, kaskazini mwa Kunduchi na Ununio, Dar es Salaam. Jani lake upande wa juu ni la kijani na linang'aa. Upande wa chini lina rangi ya kijivu cheupe kwa sababu ya vinyweleo vifupi vilivyosongamana. Siku za jua kali bila mvua, uso wa juu huwa na chembe za chumvi zinazoonekana kwa macho, kwa kuwa jani lina tezi za kutemea chumvi iliyopenya mizizini. Mti umesimama ndani ya maji, na bado maji kwake ni kitu cha gharama, maana kila tone linalopanda shinani limelazimika kwanza kutenganishwa na chumvi ya bahari. Ndiyo maana utando wa nje wa jani hilo una kazi kubwa kupita wembamba wake. Katika mimea kwa ujumla, unene wa utando huo huanzia chini ya mikromita moja hadi kupita mikromita kumi, na mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Hauna seli ndani yake. Seli za ngozi ya jani huutoa na kuulaza juu yao, nao hubaki pale bila uhai wake wenyewe, ukizuia maji yasitoroke na kuvu visiingie. Mimea isingeweza kuhamia nchi kavu, zaidi ya miaka milioni 450 iliyopita, pasipo kizuizi cha namna hii.

Kujua utando huu umeundwa na nini ni kazi ya subira. Ndani yake mna vitu viwili vikuu. Cha kwanza ni kutini, wavu wa asidi za mafuta zenye atomi 16 au 18 za kaboni zilizoshikamana zenyewe kwa zenyewe. Cha pili ni nta, iliyojaa ndani ya wavu huo na kutandazwa juu yake. Nta hutangulia kutolewa. Kwanza eneo la jani hupimwa, maana matokeo huandikwa kwa mikrogramu za nta kwa kila sentimita ya mraba. Kisha jani huchovywa kwenye klorofomu kwa muda mfupi, mara nyingi nusu dakika tu, ili kiyeyushi kichukue nta ya juu kabla hakijawahi kuingia ndani na kuzoa mafuta ya seli. Humo huongezwa kiasi kinachojulikana cha kitu ambacho mmea wenyewe hauna au unacho kidogo sana, aghalabu alkani yenye kaboni 24, kiwe kipimo cha kulinganishia. Klorofomu hupeperushwa kwa gesi ya naitrojeni, na kinachobaki chini ya kichupa ni ukoko mweupe hafifu ambao asiyejua angeuosha akidhani ni uchafu. Ukoko huo hutiwa kemikali ya kufunika ncha za alkoholi na asidi ili zigeuke mvuke bila kuharibika, hupashwa moto wa kama nyuzi 70, kisha hudungwa kwenye mashine ya kromatografia ya gesi. Ndani ya mashine molekuli husafiri kwenye mrija mwembamba wenye urefu wa makumi ya mita, nyepesi zikitangulia na nzito zikifuata, na kila kundi linapotoka, spektromita ya masi hulivunja na kulitambua kwa uzito wa vipande vyake. Mwisho hutokea safu ya vilele: alkani zenye kaboni 27, 29, 31 na 33, alkoholi na asidi zenye minyororo mirefu, na katika majani ya mikoko, triterpeni kama lupeoli, amirini na taraxeroli. Kutini yenyewe huhitaji nguvu zaidi. Kipande cha utando hubanduliwa kwa vimeng'enya vinavyoyeyusha pektini na selulosi, huondolewa nta yote, kisha huchemshwa kwenye methanoli yenye asidi au besi hadi wavu ukatike kwenye viungo vyake. Na hata baada ya hayo, katika baadhi ya mimea hubaki kitu ambacho hakikubali kuyeyuka.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu hoja yangu inategemea jinsi kazi inavyofanyika, na watu wengi hubishana juu ya sayansi na imani bila kujua mikono ya mwanasayansi inafanya nini. Tazama sasa elimu hiyo imepatikana vipi. Jani lililochovywa kwenye klorofomu limekufa. Zaidi ya hapo, jani moja huwa haliaminiki peke yake, kwa hiyo huchumwa majani mengi kutoka miti kadhaa, na kinachoandikwa kwenye jedwali ni wastani pamoja na kiasi cha kutofautiana. Wastani huo ni elimu ya kweli, na sina nia ya kuubeza. Lakini hakuna tawi lolote Mbweni lenye jani la wastani. Jani la juu lililopigwa na jua na upepo wenye mchanga lina nta isiyolingana na ya jani la kivulini kwenye mti ule ule. Jani changa halilingani na lililokomaa. Uso wa juu na uso wa chini wa jani hilo hilo hazilingani. Yote haya kwenye jedwali hubanwa ndani ya alama moja ya kujumlisha na kutoa, kana kwamba ni kelele zinazoisumbua sauti ya kweli, ilhali kelele hizo ndizo majani yenyewe.

Na kuna jambo linalostahili kutajwa hapa, ingawa mtu angeweza kulipa uzito kupita kiasi. Nta ikiyeyushwa na kuondolewa, utando huanza kupitisha maji kwa wingi mara kumi, mara mia, hata zaidi; kwa hiyo ni wazi kwamba nta ndiyo inayozuia. Mtu angetarajia basi kwamba utando mnene, au wenye nta nyingi, huzuia zaidi. Mwaka 2001 Markus Riederer na Lukas Schreiber walikusanya vipimo vya mimea mingi na kuonyesha kwamba hakuna uhusiano wa namna hiyo: unene haukutabiri, na kiasi cha nta hakikutabiri. Kinachoonekana kuamua ni jinsi molekuli zilivyopangana ndani ya utando, na mpangilio ndio hasa unaopotea klorofomu inapoingia. Sisemi kwamba Mungu amejificha ndani ya mpangilio huo. Kemia itaendelea kuueleza, na kila itakapoeleza zaidi mwenye imani afurahi, maana imani inayoishi kwa kutegemea mapengo ya wataalamu hufa mapengo yakizibwa. Nasema tu kwamba orodha kamili ya viambata si elimu kamili ya kitu, na kwamba hili limesemwa na vipimo vyenyewe.

Turudi kwa wanafalsafa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alifundisha kwamba Mungu anavijua vitu kimoja kimoja kwa namna ya jumla. Mfano wake maarufu ni kupatwa kwa jua: anayezijua harakati zote za mbinguni na sababu zake anajua kila kupatwa kutakavyokuwa, sifa zake na mfuatano wake, bila kuhitaji kusimama chini ya anga na kusema kwamba sasa kunatokea. Hakuwa anamdharau Mungu. Alitaka kumtakasa na mabadiliko, kwa kuwa jua hupatwa kisha likaachwa, na elimu inayofuata matukio nayo hubadilika, na Mungu habadiliki. Karibu mwaka 1095 Al-Ghazali aliandika Tahafut al-Falasifa, akachambua masuala 20 ya wanafalsafa, na katika matatu akawahukumu kwamba wametoka kwenye dini. Moja kati ya hayo matatu ni hili la kusema kwamba Mungu anajua ya jumla peke yake. Msomaji wa Kurani anaelewa kwa nini suala hili lilimgusa hivyo: aya ya 59 ya sura ya Al-An'am inazungumzia jani linaloanguka, na kwamba haliko nje ya ujuzi wa Mola. Wakristo wana jambo kama hilo katika Injili ya Mathayo, pale inapotaja shomoro na nywele za kichwa, na Thomas Aquinas katika karne ya 13 alilitetea kwa hoja zake. Hukumu ya kufuru siifuati. Mtu aliyekosea katika kumtakasa Mungu hakosei kama aliyemkana. Ila katika suala lenyewe nasimama upande wa Al-Ghazali, na sababu yangu kuu ninaitoa maabara.

Kila kichupa kwenye maabara kina lebo. Kabla ya klorofomu, kabla ya mzani, mtu alisimama kwenye matope, akanyoosha mkono, akachuma, akaandika kwa penseli juu ya bahasha: namba ya mti, upande wa tawi, kimo, tarehe. Lebo hiyo haitoki kwenye kemia. Hakuna kilele chochote kwenye kromatogramu kinachosema kwamba nta hii imetoka kwenye mti huu. Chukulia kwamba vichupa viwili vimebadilishana lebo usiku, kimoja cha mchu wa ukingo wa bahari na kingine cha mchu wa upande wa nchi kavu. Mashine haitagundua. Kila alkani itatambuliwa sawasawa, kila kiasi kitapimwa sawasawa, vipimo vyote vitakuwa sahihi na ripoti nzima itakuwa ya uongo. Kama elimu ya jumla ingekuwa inajitosheleza, kosa la namna hiyo lisingewezekana. Linawezekana kwa sababu jengo lote la jumla limesimama juu ya tendo ambalo halina ujumla ndani yake: kuonyesha kitu kimoja na kusema ni hiki. Tangu Aristotle tumezoea kuambiwa kwamba elimu halisi ni ya mambo ya jumla, na kwamba kukijua kimoja ni ujuzi wa daraja la chini, wa macho na vidole. Maabara inaonyesha kwamba daraja hilo la chini ndilo msingi, na msingi ukihama nyumba nzima imeanguka hata kama kila tofali ni zima.

Mwanafalsafa atajibu kwamba huu ni udhaifu wa binadamu. Sisi tunahitaji lebo kwa kuwa hatuwezi kupima kila kitu. Lakini maelezo yakikamilika, yakataja kila molekuli, kila kovu la mdudu, kila pembe ya kila mshipa, yatalihusu jani moja tu duniani, na hapo kuyajua ya jumla kwa ukamilifu na kulijua jani lenyewe vitakuwa kitu kimoja. Hoja hii ni nzito. Leibniz, aliyefariki mwaka 1716, aliamini kwamba hakuna vitu viwili vilivyo sawa kabisa, na alisimulia jinsi bwana mmoja katika bustani ya Herrenhausen, mbele ya Sophie wa Hanover, alivyodhani atapata majani mawili yasiyotofautiana, akazunguka bustani akitafuta na asiyapate. Mimi nakubali kwamba hakuyapata, na kemia ya nta ingemthibitishia zaidi kuliko macho yake. Lakini angalia alivyotafuta: alishika jani hili, akalilinganisha na lile. Upekee wa kila jani haukutokana na maelezo. Ulikutwa mkononi, na maelezo yakafuata. Tena, hata kama maelezo marefu yanalihusu jani moja tu, hayo yenyewe hayawezi kutuambia kwamba jani hilo lipo. Maelezo kamili ya jani ambalo halijawahi kuota ni kamili vile vile.

Labda basi tuongeze mahali na wakati: latitudo, longitudo, tarehe na saa. Hapo mtu hudhani ameliponyoka lile tendo la kuonyesha, kumbe amelisogeza mbali tu. Longitudo ya pwani ya Mbweni huhesabiwa kutoka Greenwich, mahali palipochaguliwa katika mkutano wa Washington mwaka 1884, na tarehe huhesabiwa kutoka tukio ambalo watu walikubaliana kuanzia hapo. Fuatilia hesabu yoyote hadi chanzo chake, utakuta mtu aliyenyoosha kidole. Hilo ndilo Al-Ghazali aliloliona katika mfano wa kupatwa kwa jua. Anayejua sheria zote za kupatwa, na asijue kama kunatokea sasa hivi, kuna jambo hajui, na jambo hilo si dogo. Ndilo linalomfanya muumini wa hapa aende kusali sala ya kupatwa kwa jua leo badala ya kesho.

Linabaki lile pingamizi la mabadiliko, ambalo kwa Ibn Sina ndilo lililokuwa kiini. Ikiwa Mungu analijua jani hili likiwa mtini, kisha analijua likiwa matopeni, je, ujuzi wake haujageuka? Nadhani tatizo hili huonekana kubwa kwa sababu tunapima ujuzi wa Mungu kwa ujuzi wetu, na ujuzi wetu ni wa kuguswa na kugusa. Jani hutupatia habari likiwa limebadilisha kitu ndani yetu au ndani ya chombo chetu, na sisi tunalibadilisha tunapolichunguza. Kwenye klorofomu hilo linaonekana waziwazi, tumelijua kwa kuliua. Ibn Rushd, katika Tahafut al-Tahafut aliyoiandika kumjibu Al-Ghazali, alitoa njia ambayo naiona ndiyo bora. Alisema ujuzi wetu husababishwa na vitu, lakini ujuzi wa Mungu ndio unaosababisha vitu kuwapo, kwa hiyo hauwezi kuitwa wa jumla wala wa kimoja kimoja kwa maana tunayoitumia sisi. Aliyasema haya akiwatetea wanafalsafa. Mimi naona yanaipeleka hoja upande wa pili. Kama ujuzi wa Mungu ndio unaovifanya vitu viwepo, tuulize ni vitu gani vilivyopo. Hakuna jani la jumla lililowahi kuota. Aina ya Avicennia marina haina tezi za chumvi, haina kivuli, haidondoki. Vilivyoota Mbweni ni majani, moja baada ya jingine, kila moja na utando wake uliotolewa na seli zake. Ujuzi unaoumba ukiishia kwenye aina, haujaumba kitu. Hivyo Ibn Rushd anamwondolea Al-Ghazali taabu ya mabadiliko, na Al-Ghazali anabaki na lile alilolidai tangu mwanzo.

Mwingine atasema kwamba hayo yote ni ya thamani ndogo, kwa sababu vitu kimoja kimoja hupita na kinachobaki ni aina. Jani la leo litaanguka, kaa watalivutia shimoni mwao, litaoza, na mchu utaendelea. Hapa Tanzania tuna ushahidi unaolijibu hili vizuri kuliko hoja yoyote. Nta ya majani ni miongoni mwa vitu vinavyooza kwa shida sana. Mwaka 2013 Clayton Magill, Gail Ashley na Katherine Freeman walichapisha uchunguzi wa nta iliyohifadhiwa kwenye udongo wa ziwa la kale la Olduvai, wa kati ya miaka milioni 2.0 na milioni 1.8 iliyopita. Walipima kaboni 13 katika alkani yenye kaboni 31, kwa kuwa nyasi za nchi za joto huwa nayo nyingi zaidi kuliko miti, na wakaonyesha kwamba nchi ile ilibadilika mara kadhaa kati ya pori la miti na mbuga ya nyasi, katika zama ambazo viumbe wa jamii ya mwanadamu walikuwa wakizunguka humo. Utando wa jani, ambao hauna uhai, uliishi muda mrefu kuliko kila kilicho hai kilichouzunguka. Mtu anaweza kusema kwamba kilichojulikana hapo ni cha jumla: miti au nyasi, wala hakuna jani hata moja linaloweza kutengwa tena katika mchanganyiko ule. Ni kweli. Lakini msitu haukuwahi kudondoka ndani ya ziwa lile. Yalidondoka majani, kila moja siku yake, kutoka tawi lake, na habari ya msitu imetufikia kwa sababu kila moja liliacha nta yake. Anayesema kwamba aina inabaki na kimoja kinapotea amekigeuza kisa: aina hukumbukwa kwa mabaki ya kimoja kimoja, na kutoweza kwetu kuyatenganisha mabaki hayo kunaonyesha mpaka wa mashine zetu. Hakuonyeshi kwamba hakukuwa na cha kutenganisha.

Sasa nifike pale ambapo swali hili linakuwa la ardhi na fedha. Mikoko ya Mbweni imekatwa kwa kuni, kwa mkaa, kwa boriti, na kufukiwa kwa ajili ya viwanja. Kila mara hoja inayotolewa huwa na sura moja: mikoko ni mikoko, tutapanda mingine. Hoja hiyo ni falsafa, hata kama msemaji hajui. Inasema kwamba mti umejulikana ukishajulikana aina yake, na kwa hiyo mti wowote wa aina hiyo unaweza kushika nafasi ya mwingine. Pengine hata wa aina nyingine, maana mara nyingi kinachopandwa ni mkoko wenyewe, Rhizophora, kwa kuwa mche wake mrefu ni rahisi kuuchomeka kwenye tope. Matokeo yanajulikana karibu kila pwani ya nchi za joto: miche huchomekwa mahali ambapo maji hukaa muda mrefu kupita kiasi, au chumvi imezidi, nayo hufa kwa wingi. Mlilana husimama mbele kwenye mawimbi, mchu huweza kukaa ukingo wa bahari na tena nyuma kabisa penye chumvi kali, mkandaa hukaa ndani. Na katika mchu wenyewe, ule wa nyuma umeishi na chumvi isiyolingana na ya ule wa mbele, na majani yake yamejengwa kwa hali hiyo. Marehemu Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeandaa mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara mwaka 1991, alilijua hili. Mpango ule uliigawa mikoko katika kanda kulingana na hali ya kila mahali, badala ya kuitolea amri moja.

Pingamizi la mwisho ni lile ninaloliheshimu zaidi, kwa kuwa hutolewa na watu wenye shida za kweli. Ikiwa kila jani linajulikana kwa Mungu, je, tusikate chochote? Mtu wa pwani amejengea boriti za mikoko kwa mamia ya miaka, na majahazi yalizibeba hadi Uarabuni kuezekea nyumba za watu wasio na miti. Jibu langu ni kwamba kujulikana kwa kitu hakukatazi kukitumia. Jani lenyewe huliwa na kaa, na aya haisemi kwamba jani haliangukii chini. Kinachokatazwa, kwa maoni yangu, ni kukata kwa hoja kwamba kilichokatwa hakikuwa kitu, kwa kuwa kilikuwa mfano tu wa aina. Mkata boriti wa zamani alichagua: aliutazama mti huu, akaupima unene kwa kiganja, akauacha ule uliopinda, akajua boriti ni ipi na fito ni ipi. Aliua mti mmoja akiujua. Anayefukia ekari nzima kwa vifusi hajautazama hata mmoja, na jedwali la fidia analolipeleka ofisini, lenye idadi ya miche kwa kila hekta, limeandikwa kwa namna ambayo asihitaji kuutazama.

Wataalamu wa misitu watasema kwamba haiwezekani kuujua kila mchu kwa jina, kwamba kazi yao ni ya hekta na asilimia, na kwamba fedha za kupima mti mmoja mmoja hazipo. Kwa majani nakubali. Hakuna binadamu wa kufanya hivyo, na hapo ndipo tofauti ya elimu yetu na ya Mola inapokuwa wazi. Kwa miti sikubali. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi chini ya serikali, na vipande vilivyobaki Mbweni ni vidogo kiasi cha watu kuvitembea kwa miguu maji yakitoka. Tena gogo la halali nchini hugongwa nyundo ya serikali, moja moja, kabla halijasafirishwa, kwa sababu kila gogo lina ushuru wake. Uwezo wa kukitambua kimoja kimoja tunao, na tumekuwa tukiutumia mti ukishalala chini.